Kadi ya kwenda nayo Disney huchaguliwa supamaketi

Kwa Disney, utoto huisha mtu akitimiza miaka 10. Wa chini ya miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa dola chache tu, na wa miaka 10 hulipa sawa na baba yake. Familia ya watu sita, ambayo kwa Wakongomani wa Ohio au Wakenya wa Texas wala si familia kubwa, ikipanga siku nne kwenye bustani za Walt Disney World huko Florida, tiketi peke yake zinameza maelfu ya dola kabla ya nauli, hoteli na soda. Mojawapo ya bustani hizo, Magic Kingdom, ilipofunguliwa Oktoba 1971, mtu mzima aliingia kwa dola 3.50, michezo akailipia kwa kuponi. Siku hizi bei hupanda na kushuka kwa kufuata tarehe, na katika wiki ya Krismasi tiketi ya siku moja imefika kwenye dola 200. Hata njia ya kukwepa foleni, iliyokuwa ya bure hadi 2020, sasa inauzwa kando kwa jina la Lightning Lane.

Bei zikifika hapo, matangazo ya kadi za mkopo hupata wasikilizaji. Ahadi yao ni moja: shika kadi hii, safari itakuwa nafuu. Ndipo wazazi wanapoanza kuulizana kadi ipi ni nzuri ya kwenda nayo Disney. Mimi naona swali hilo limepinda tangu mwanzo. Disney unakaa wiki moja. Kadi unakaa nayo mwaka mzima, na hizo wiki nyingine 51 unaipitisha kwenye kituo cha petroli, supamaketi, duka la dawa na bili ya simu. Faida au hasara ya kadi inaamuliwa huko, na kwa mtu anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi, ilishaamuliwa hata kabla hajapanda ndege.

Tuanze na kadi yenye picha ya Mickey, maana ndiyo inayovuta macho ya watoto. Hutolewa na benki ya Chase kwa jina la Visa. Iko isiyo na ada ya mwaka, inayorudisha asilimia 1 ya matumizi yote. Iko inayoitwa Premier, ambayo kwa miaka mingi ada yake imekuwa dola 49, inayorudisha asilimia 2 kwenye petroli, supamaketi, migahawa na sehemu nyingi za Disney zilizo Marekani, kisha asilimia 1 kwingineko. Mwaka 2025 ikaongezwa ya tatu, Inspire, yenye ada kubwa zaidi. Kinachorudishwa huitwa dola za zawadi za Disney, na kila moja ina thamani ya dola kamili, ila ni dola ya kutumia kwa Disney: tiketi, hoteli, chakula, midoli. Premier inaruhusu pia kufidia tiketi ya ndege.

Sasa tuchukue familia inayopitisha dola 24,000 kwa mwaka kwenye kadi: 9,000 za supamaketi, 3,000 za petroli, 2,000 za migahawani na 10,000 za mambo mengine. Premier itawarudishia dola 280 kwa yale makundi matatu ya kwanza na dola 100 kwa yaliyobaki. Jumla 380, toa ada ya 49, inabaki 331. Familia hiyohiyo ikishika kadi ya kawaida inayorudisha asilimia 2 kwa kila kitu bila ada yoyote, kama Double Cash ya Citi au Active Cash ya Wells Fargo, inapata dola 480, nazo ni pesa za kweli. Wakiamua kuzipeleka Disney watazipeleka. Mtoto akiugua, watamlipia daktari. Kwa hiyo kadi ya Mickey imewagharimu dola 149 kwa mwaka, na imewafunga mikono.

Mtetezi wa kadi hiyo atasema nimesahau punguzo. Kweli lipo: mwenye kadi hupunguziwa asilimia 10 kwenye bidhaa katika maduka yaliyochaguliwa akinunua vitu vya dola 50 au zaidi, na asilimia 10 kwenye baadhi ya migahawa. Lakini ili punguzo la asilimia 10 lifute dola 149, inabidi ununue na kula kwa dola 1,490 katika sehemu zinazohusika. Wapo wanaofika. Anayekwenda kila mwaka, tena na nyanya wa watoto na binamu zao, anaweza kufika bila jasho. Hoteli ya Animal Kingdom Lodge peke yake ina mitego ya kutosha kwa mtu wa kwetu: migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa, duka la Zawadi, na jengo zima liitwalo Kidani Village. Ndani ya bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, kuna kijiji cha kubuni cha Harambe, ambacho wabunifu wake walichota sura ya Lamu: kuta za chokaa zilizochakaa kwa makusudi, mabango ya Kiswahili, na gari la kwenda kutazama twiga. Mtoto aliyezaliwa Kentucky ataona lugha ya mama yake imeandikwa ukutani na atataka fulana. Hapo asilimia 10 inasaidia. Ila kwa familia inayokwenda mara moja kwa miaka mitano, kadi hiyo ni ada ya uanachama kwenye klabu ambayo hawahudhurii.

Kuna kadi zinazotoa zaidi ya asilimia 2, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu hawajui mashine ya malipo inaona nini. Haioni ulichonunua. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi amepewa msimbo wa tarakimu nne unaoeleza aina ya biashara yake. Supamaketi ni 5411, mgahawa 5812, bustani za burudani 7996. Benki husoma msimbo huo, basi. Maziwa uliyonunua Walmart au Target ni maziwa yaleyale, lakini kwa kadi nyingi Walmart na Target si supamaketi, na asilimia yako kubwa haitokei. Duka la Mwafrika linalouza unga wa ugali, dagaa na mawese linaweza kuwa limesajiliwa kwa msimbo wowote ule, ikiwa linapokea kadi kabisa. Costco ya Marekani, ambayo familia kubwa zinaipenda, tangu 2016 haipokei kadi ya mkopo isiyo Visa, kwa hiyo mwenye American Express ataiacha garini.

Jambo hilohilo hutokea langoni mwa bustani. Watu huchukua kadi ya safari yenye pointi nyingi kwa «usafiri» wakidhani tiketi ya Disney ni usafiri. Kwa Chase, usafiri ni ndege, hoteli, gari la kukodi, treni, teksi, hata maegesho. Bustani ya burudani haimo. Kwa Capital One, kadi ya Savor, isiyo na ada, inahesabu bustani hizo kuwa burudani na kurudisha asilimia 3, sawa na migahawa na supamaketi. Tiketi ni ileile na siku ni ileile. Tofauti ni namna benki ilivyoamua kuliita lango. Ukikaa hoteli ya Disney, mambo yanachanganyika zaidi. Ule mkanda wa mkononi uitwao MagicBand unaweza kuunganishwa na kadi yako, mtoto mkubwa akapewa namba ya siri, kila aiskrimu ikaingia kwenye bili ya chumba. Ni raha, na ni hatari kwa bajeti. Chakula ambacho ungelipa mgahawani kinaweza kuonekana kwa benki kama malipo ya hoteli. Anayetaka asilimia zake za chakula alipe mezani.

Familia yetu ya mfano ikichukua Blue Cash Preferred ya American Express, yenye ada ya dola 95, itapata asilimia 6 kwenye supamaketi za Marekani hadi matumizi ya dola 6,000 kwa mwaka, kisha asilimia 1. Asilimia 3 kwenye petroli. Na asilimia 1 kwenye mengi ya yaliyobaki. Hesabu yake inatoka dola 600, toa ada, 505. Yaani pilikapilika zote hizo kwa ajili ya dola 25 zaidi ya ile kadi rahisi ya asilimia 2. Faida inaonekana pale tu unapozishika zote mbili: hii ya asilimia 6 kwa chakula na petroli, ile ya asilimia 2 kwa mengine na kwa supamaketi baada ya kikomo kuisha. Hapo wanafika dola 655 baada ya ada. Kadi mbili zinatosha. Ya tatu na ya nne huongeza vijisenti na tarehe za kulipa za kukumbuka, na malipo ya kuchelewa mara moja hula vijisenti vya miezi kadhaa.

Asilimia hizi zote, hata hivyo, ni ndogo mbele ya bonasi ya kujiunga. Sapphire Preferred ya Chase, kwa ada ya dola 95, kwa kawaida hutoa pointi 60,000 au zaidi kwa anayetumia dola elfu nne au tano katika miezi mitatu ya kwanza. Ukizibadilisha kuwa pesa taslimu, hizo ni dola 600. Hakuna asilimia ya aiskrimu na soda itakayokufikisha huko. Kwa hiyo aliyepanga safari ya majira ya joto afungue kadi majira ya baridi, atimize kiwango kwa bili ambazo angezilipa vyovyote vile, kama bima ya gari, umeme na ada ya shule, kisha tiketi ziwe malipo ya mwisho. Mume na mke wanaweza kila mmoja kuchukua kadi kwa jina lake, kwa zamu, na kupata bonasi mbili. Chase inajulikana kwa kumkatalia mtu aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, katika miezi 24. Ukitumia nafasi moja kwa kadi ya Mickey, ambayo bonasi yake kwa kawaida ni ndogo, umeipoteza kwa bei rahisi.

Kwa nauli, kuna mpango mmoja unaofaa familia kuliko mingine yote ninayoijua. Shirika la Southwest, lenye safari nyingi za Orlando, humpa mteja anayekusanya pointi 135,000 katika mwaka mmoja wa kalenda haki ya kusafiri na mwenzake bila kumlipia nauli, isipokuwa kodi, kwa muda uliobaki wa mwaka huo na mwaka mzima unaofuata. Bonasi za kadi za Southwest huingia katika hesabu hiyo. Anayeipata Februari amepata karibu miaka miwili. Anayeipata Novemba amejipunja. Wazazi wote wawili wakiipata, viti vinne vinakuwa kwa nauli ya viwili. Zamani sifa ya Southwest ilikuwa mabegi mawili bure kwa kila abiria, lakini desturi hiyo ilikoma kwa tiketi zilizonunuliwa tangu 28 Mei 2025. Wenye kadi za shirika hilo bado hupata begi la kwanza bure, na kwa familia ya watu sita hilo ni jambo la kuhesabiwa.

Hoteli nitazipitia kwa haraka. Swan na Dolphin ziko ndani ya eneo la Disney lakini ni za mtandao wa Marriott, hivyo pointi za Marriott hulipia chumba huko na wageni bado huruhusiwa kuingia bustanini nusu saa kabla ya wengine. Universal, jirani na mshindani, iliyofungua bustani yake mpya ya Epic Universe tarehe 22 Mei 2025, hoteli zake zinaendeshwa na Loews, na pointi za mitandao mikubwa hazifanyi kazi pale. Kwa Universal, pesa taslimu zilizorudishwa ndizo zenye nguvu.

Sasa deni. Utafiti wa LendingTree wa 2024 uliwauliza Wamarekani waliowahi kwenda Disney. Kati ya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 18, asilimia 45 walisema waliingia deni kwa ajili ya safari hiyo. Riba ya kadi za mkopo Marekani katika miaka hii imecheza kwenye asilimia 21 hadi 23. Chukua safari ya dola 6,000, iweke kwenye kadi yenye riba ya asilimia 22, kisha lipa dola 300 kila mwezi. Utamaliza baada ya miaka miwili na ushei, na utakuwa umelipa riba ya zaidi ya dola 1,500. Kwa asilimia 2, kadi ilikupa dola 120. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kulinganisha pointi. Kadi inayomfaa ni yenye riba ndogo kuliko zote, na kama hakuna, safari ingoje mwaka mmoja.

Wanaolipa riba hizo ndio hasa wanaogharimia sherehe ya wengine, pamoja na wale wanaolipa taslimu. Duka hukatwa ada kila kadi inapopitishwa, nalo huisambaza kwenye bei ya kila kitu, hata kwa mama anayelipa noti. Wachumi watatu wa benki kuu ya Marekani, tawi la Boston, Schuh, Shy na Stavins, walikadiria mwaka 2010 kwamba kwa wastani kaya inayolipa taslimu inatoa dola 149 kwa mwaka kuwapa wanaotumia kadi, na kaya yenye kadi inapokea dola 1,133. Kwenye jumuiya zetu pande zote mbili zinakaa mtaa mmoja. Nesi wa Dallas mwenye alama nzuri za mkopo anaruka bure. Shangazi yake aliyewasili juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anamchangia nauli kila anaponunua mchele, bila yeyote kati yao kujua.

Huyo aliyewasili juzi naye ana njia yake. Historia ya benki ya Kigoma au Nairobi kwa kawaida haivuki bahari. Anaanza na sifuri. Ajipatie kwanza kadi ya dhamana, ile unayoweka benki labda dola 200 na kuruhusiwa kukopa kiasi hichohicho, aitumie kwa jambo moja dogo kila mwezi, alipe yote. Asiyekuwa na namba ya hifadhi ya jamii, baadhi ya benki humkubali kwa namba ya mlipakodi. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kulipa kwa wakati milango huanza kufunguka. Kuomba kadi za pointi kabla ya hapo ni kujitafutia kukataliwa, na kila ombi huacha alama kwenye rekodi.

Kosa moja ni la kwetu hasa, halimo katika makala za Wamarekani. Mtu ana kiwango cha matumizi cha kutimiza ili apate bonasi, na mwisho wa mwezi ana pesa za kutuma nyumbani. Anaona bora azitume kwa kadi ya mkopo, aue ndege wawili kwa jiwe moja. Benki nyingi huhesabu hilo kuwa ni kuchota pesa taslimu kwa mkopo: unatozwa ada papo hapo, riba inaanza siku ileile bila muda wa neema, na pointi hupati. Kishawishi kimeongezeka tangu 1 Januari 2026, Marekani ilipoanza kutoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ya nchi kwa malipo ya taslimu, hundi ya benki na njia za aina hiyo, huku anayelipa kwa kadi ya benki ya Marekani akiachwa. Kadi ya kuikwepa kodi hiyo ni ile inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako. Ya mkopo utaikwepa asilimia 1 ukaangukia tano.

Kwa Waislamu suala linaanza mbali zaidi. Wako masheikh wanaoruhusu kadi ya mkopo kwa anayelipa yote kila mwezi kabla riba haijaingia, na wako wanaoikataa kabisa kwa kuwa mkataba wenyewe umeafiki sharti la riba. Anayefuata kauli ya pili asidhani amefungiwa nje. Maduka ya Target huwapunguzia asilimia 5 wenye kadi ya duka hilo, na kadi hiyo ina aina inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, bila mkopo. Kwa miaka mingi punguzo hilo limehusu hata kadi za zawadi za Disney zinazouzwa palepale kwenye rafu. Anayenunua kadi za dola 6,000 kidogokidogo kwa mwaka mzima anaokoa dola 300, zaidi ya mara mbili ya ambacho Premier ingempa kwa matumizi hayohayo. Ubaya wake: kadi ya zawadi ikipotea ni kama noti imepotea, na safari ikivunjika pesa hurudi kwenye kadi ileile, si mfukoni. Mbinu ya kununua kadi hizo supamaketi ili kupata asilimia 6 ya American Express ipo pia, lakini masharti ya benki yanaipa nafasi ya kukunyima zawadi kwa manunuzi ya namna hiyo, kwa hiyo nisingejenga safari juu yake.

Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, ambaye Orlando kwake ni mbali, huenda bustani yake ikawa kisiwa cha Yas huko Abu Dhabi. Kina Ferrari World tangu 2010, Warner Bros. tangu 2018 na SeaWorld tangu 2023, na Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba itajengwa bustani ya jina lake palepale. Kwake pointi ni jambo la pili. La kwanza ni ubadilishaji wa fedha. Mashine ikimuuliza kama anataka kulipa kwa dirham au kwa fedha ya kwao, achague dirham kila mara. Akichagua fedha ya kwao, kiwango hupangwa na mwenye mashine na mshirika wake, nao hawapangi kwa hasara yao. Na kabla ya kusafiri aulize benki yake inakata asilimia ngapi kwa malipo ya nje. Ikikata 3 na kurudisha 1 kwa pointi, anaijazia benki kila anapoipitisha.

Basi nani achukue kadi ya Mickey? Mwenye pasi ya mwaka anayeishi Florida au California, anayekula na kununua ndani ya bustani mara kwa mara, asiyewahi kubeba deni, na ambaye tayari ana kadi nyingine ya supamaketi. Huyo achukue ile isiyo na ada, kwa ajili ya punguzo, na aiache kwenye droo ya jikoni wiki zote ambazo hayuko bustanini.